Sembène: muvi yake ipi ndo kali kuliko zote?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi na shemeji yangu huku Mwanza tunabishana tangu sikukuu na hakuna anayetaka kumwachia mwenzie. Tumeangalia muvi za yule mzee wa Senegal, Ousmane Sembène, zote tulizoweza kuzipata. Mimi nasema kali kuliko zote ni La Noire de..., ile ya binti anayepelekwa Ufaransa kuwa hausigeli, shemeji anasema Moolaadé, ile ya watoto wanaokimbia kukeketwa. Tumewekeana kreti ya soda. Amua wewe, ila tafadhali usituambie "zote nzuri", hilo jibu hatulitaki.

JIBU: Hiyo kreti nileteeni mimi maana wote mmekosa. Kali kuliko zote ni Mandabi, ya mwaka 1968, na kabla hamjanitukana nisikilizeni kidogo.

Kwa ambao hawamjui mzee, haraka haraka: kazaliwa Ziguinchor, kusini mwa Senegal, 1923, baba mvuvi, shule ikamshinda baada ya ugomvi na mwalimu mkuu, vita vya pili vya dunia akapigania Ufaransa, baadae akawa kuli bandarini Marseille na ndo huko akaanza kuandika vitabu. Waliosoma fasihi shuleni au chuoni wanamjua kwa God's Bits of Wood, riwaya ya mgomo wa reli ya Dakar-Niger wa 1947 mpaka 1948. Anakaribia miaka arobaini, jina tayari analo, akafunga mizigo akaenda Moscow kujifunza kutengeneza filamu kuanzia moja, kisa aliona watu anaowaandikia hawawezi kumsoma. Sinema alikuwa anaiita shule ya jioni. Hilo la shule ya jioni lishikeni, tutalirudia sasa hivi tu.

Tuanze na yako wewe uliyeandika. La Noire de... (1966) ni muvi ya hatari, sikatai hata kidogo. Saa moja tu, nyeusi na nyeupe. Diouana anaajiriwa na Wafaransa pale Dakar kuangalia watoto, wanamvusha mpaka Antibes, akili yake yote iko madukani na ufukweni, kufika anakuta ni kupika, kufua na kupiga deki, Ufaransa yenyewe anaiona dirishani. Anaishia kujiua bafuni. Halafu bosi anarudi Dakar na sanduku la marehemu, mshahara wake, na kile kinyago alichowapa zawadi siku za mwanzo, mama mtu anakataa hela, na katoto kamoja kanaokota kinyago, kanakivaa, kanamfuata yule mzungu nyuma nyuma mtaa mzima na yeye anazidi kuongeza mwendo mpaka anaingia kwenye gari. Kwa dakika zile peke yake ningekupa hata kreti mbili.

Lakini sikiliza sauti. Mawazo ya Diouana tunayasikia kwa Kifaransa kilichonyooka kabisa, wakati ni binti ambaye muvi yenyewe inatuonesha hawezi hata kusoma barua ya mama yake, na sauti wala si ya muigizaji Mbissine Thérèse Diop tunayemwona, ni ya Toto Bissainthe, msanii wa Haiti. Yaani mama yake Diouana angeingia ukumbini pale Dakar asingeelewa mwanae anawaza nini! Shule ya jioni iko wapi hapo? Mzee hakuwa mjinga, hilo aliliona, na miaka miwili baadae ndo akaja na Mandabi kwa Kiwolofu, watu wa Dakar wakajisikia wenyewe kwenye skrini kwa mara ya kwanza kwenye filamu ndefu. Hela za kutengenezea zilitoka Ufaransa kwahiyo ikabidi itengenezwe mara mbili, ya Kifaransa na ya Kiwolofu, ila ya kuangalia ni ya Kiwolofu, msipotezewe muda na ile nyingine.

Sasa Mandabi yenyewe. Kisa chake ukimsimulia mtu anaweza akakuuliza "na hiyo nayo ni muvi?" Mzee Ibrahima Dieng, hana kazi, wake wawili, watoto kibao. Mpwa wake Abdou anafagia barabara Paris, anatuma manioda ya faranga 25,000: elfu 2 za mjomba, elfu 3 za mama yake Abdou, elfu 20 mjomba amtunzie. Mzee anaenda posta kuchukua. Basi, ndo hiyo muvi nzima, dakika kama 90 za mtu mzima anajaribu kuchukua hela.

Posta wanataka kitambulisho. Hana. Kitambulisho kinataka picha, stempu na cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka tarehe ya kuzaliwa, na mzee mwaka anaukadiria tu, tarehe ataitoa wapi. Kila dirisha linampeleka dirisha lingine na kila safari inakula nauli ya kukopa. Mpiga picha anakula hela yake na picha hazitoki, akienda kudai wanashikana mpaka anatoka damu puani, kanzu nzuri yote imechafuka. Huku mtaani habari ya manioda imeshafika kila nyumba, majirani wanakuja kukopa hela ambayo mwenyewe hajaishika, mwenye duka anadai, imamu naye ana shida yake ndogo. Na mwisho anayemliza siyo mzungu wala karani wa posta, ni ndugu yake, Mbaye, msomi wa suti na gari, anamwambia mjomba nisainie karatasi hii nikakuchukulie, anachukua kweli, halafu anasema hela zote kaibiwa sokoni, chukua gunia hili la mchele uende nalo nyumbani.

Kuna kipande cha mwanzo nataka mkirudie mkiwa mmetulia. Mzee yuko kwa kinyozi chini ya mti, ananyolewa mpaka ndani ya pua, kamera imekaa karibu hadi unajikuta na wewe unakunja uso. Anarudi nyumbani kwa maringo. Wake zake wameshapokea taarifa ya manioda, wameshakopa mchele dukani kwa jina la hiyo manioda, na hawamwambii kitu! Wanamwacha ale kwanza, kijasho kinamtoka, anabeua, anajinyoosha, ndo baadae anaambiwa. Hamna hotuba pale, hamna mtu anasema neno lolote kuhusu umaskini au ndoa za mitala, ila ukiisha mlo ule unajua nani anaendesha ile nyumba na nani anafikiri ndo anaiendesha.

Na hapa ndo napogombana na nyie wawili pamoja. Mnapima mada, hampimi muvi. Binti kajiua, watoto wanakimbia wembe, mada nzito hizo, mtu akitoka analia anaona kaangalia kazi kubwa. Mandabi haina maiti hata mmoja, imechukua kitu kidogo mno, mzee na karatasi, na mnacheka, mnacheka kweli, mpaka mnashtuka mnayemcheka ni baba yenu mdogo. Huku kwetu kila familia ina mtu aliyezungushwa hivyo kwa ajili ya kitambulisho au cheti, ofisi sitaji. La Noire inakuacha umewachukia wale Wafaransa unaenda kulala, Mandabi inakuacha unamfikiria yule Mbaye wa kwenu, na kila ukoo anaye.

Ina kasoro? Ipo, mwisho mwisho yule mtu wa posta anayeleta barua anaanza kuhutubia kwamba nchi tutaibadilisha sisi wenyewe, hapo mzee Sembène aliingiza mdomo wake kwenye mdomo wa muigizaji. Namsamehe.

Moolaadé (2004) ya shemeji inakuja ya tatu kwangu, nyuma ya hizo mbili. Ile kamba ya rangi iliyofungwa mlangoni kwa mama Collé, alama kwamba watoto waliomkimbilia wako chini ya hifadhi yake (ndo moolaadé yenyewe), kamba nyepesi ambayo hata mbuzi anaivuka ila wakeketaji na majambia yao hawathubutu, ni wazo la mtu mwenye akili nyingi sana. Na zile redio walizonyang'anywa kinamama zikarundikwa mbele ya msikiti zinachomwa huku nyingine bado zinaongea, aisee. Kinachoishusha ni yule kijana aliyetoka Paris na suti zake na televisheni, wanaume wa muvi ile wengi wamewekwa kuwakilisha kitu tu, ukimwona mtu anaingia unajua atasema nini.


SWALI: Niaje editor. Mimi ni wa Nakuru na sielewi mnavyobishana na Xala iko. Tulisoma kitabu chuo halafu lecturer akatuonyesha filamu, darasa lote lilicheka hadi tukafukuzwa. Si hiyo ndiyo bora?

JIBU: Xala (1975) ni muvi ya wabenzi na nyie Wakenya lazima muipende. Mfanyabiashara El Hadji anaoa mke wa tatu, usiku wa ndoa mambo yanagoma, na siku hiyo hiyo wenzake wa chemba ya biashara wamewafukuza wazungu mlangoni, wazungu wanarudi na briefkesi za hela, kila mheshimiwa anafungua yake anachungulia anafunga. Hakuna neno linalosemwa. Dereva anaosha Mercedes kwa maji ya Evian. Binti yake Rama baba anamsemesha Kifaransa yeye anajibu Kiwolofu. Na mwisho ule wa ombaomba kumtemea mate mtu mzima akiwa uchi siuelezi zaidi maana kuna wanaosoma hapa wakiwa mezani.

Serikali iliikata sehemu kadhaa kabla ya kuoneshwa Senegal kwahiyo ujue iliuma mahali. Kwangu ni ya pili, nyuma ya Mandabi na mbele ya La Noire... ndiyo, najua nimesema Moolaadé ya tatu, sasa imekuwa ya nne, shemeji wa Mwanza anisamehe. Kwa nini isiwe ya kwanza? Kwa sababu katikati, baada ya harusi, inalala. Anazunguka kwa mganga huyu na yule na utani ni ule ule mmoja, umeupata dakika ya arobaini, unaupata tena dakika ya themanini.


SWALI: Shikamoo mwandishi. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya (KAR, askari wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza), alipigana Burma, alirudi na medali na koti, basi. Mwaka jana nimeangalia Camp de Thiaroye nikashindwa kulala. Kwa nini watu hawaitaji kwenye hizi orodha?

JIBU: Marahaba. Haitajwi kwa sababu ni ndefu, kama saa mbili na nusu, na kwa miaka mingi Ufaransa haikutaka kuionesha, muvi ambayo haioneshwi haitengenezi mashabiki. Halafu tuweke sawa, hii ya 1988 aliifanya na Thierno Faty Sow, wawili, siyo peke yake.

Kwa wasiojua: askari weusi wa jeshi la Ufaransa, wengi walikuwa mateka wa Wajerumani, wanarudishwa Senegal mwishoni mwa 1944, wanawekwa kambini Thiaroye nje ya Dakar wakisubiri malipo yao. Wanadai haki yao. Alfajiri ya tarehe 1 Desemba jeshi lile lile walilolipigania linawamiminia risasi. Wafaransa waliandika wamekufa 35, namba ambayo Wasenegali na wanahistoria hawajaikubali mpaka leo.

Kilichokunyima usingizi nadhani ni yule Pays, anachezwa na Sidiki Bakaba. Katoka kambi ya Buchenwald, hasemi, anatoa sauti tu, kofia ya chuma ya Mjerumani kichwani, anashika shika ile seng'enge ya kambi ya Thiaroye na wenzake wanamwambia tulia, tuko Afrika sasa, tuko nyumbani. Usiku ule yuko mnarani peke yake analinda, anaviona vifaru vinakuja, anakimbia kuwaamsha na hana maneno, wanamwona kachanganyikiwa wanamrudisha. Mimi kwenye muvi zote za mzee hakuna sehemu inayonibana kifua kama hiyo. Kama tungekuwa tunashindanisha vipande badala ya muvi nzima, ningekipa hiki. Muvi nzima lakini ina saa nzima ya maofisa kuongea ofisini ambayo ingeweza kupunguzwa bila mtu kugundua.

Babu yako kama alisimulia chochote kuhusu malipo yao kirekodi, au andika, hata kwenye daftari la shule.


SWALI: Asalaam aleykum. Niko Mombasa, nina swali ambalo si la ubishi. Kuna mtu kanitumia Ceddo kwa USB akaniambia ni muvi inayotukana Uislamu. Nimeiangalia nusu nikaizima. Wewe waonaje?

JIBU: Waaleykum salaam. Sikulazimishi umalizie, ila nikueleze kilichomo ndo uamue mwenyewe. Ceddo (1977) ni ya kijiji cha zamani ambako imamu anaingia taratibu mpaka anachukua kiti cha mfalme na kuwasilimisha watu kwa nguvu, na wasiotaka, ndo hao ceddo, wanamteka binti mfalme kupinga. Pembeni kuna padri mwenye muumini mmoja na mzungu mfanyabiashara anayebadilisha bunduki kwa watumwa, hao wote wawili hawafungui midomo karibu muvi yote, na mzee hakuwaonea huruma pia. Mwisho binti mfalme anampiga imamu risasi mbele ya watu wote. Ndo maana uliizima au pengine ulikuwa hujafika hapo, samahani kama nimekuharibia.

Sembène kazaliwa kwenye familia ya Kiislamu na nchi yake karibu wote ni Waislamu, alijua anamgusa nani. Mimi naona ugomvi wake ni na mtu anayeutumia msikiti kupandia kiti, ila naelewa kabisa mtu wa pwani ambako dini ilikuja kwa majahazi na ndoa na biashara akiiangalia anasema hii siyo historia yangu, na ni kweli siyo yake, ni ya kule kwao. Kilichochekesha ni serikali ya Rais Senghor, waliizuia muvi isioneshwe, na sababu waliyotoa rasmi ni jina kuandikwa kwa d mbili badala ya moja! Mzee akagoma kutoa d. Ikabidi wasubiri mpaka Senghor alipong'atuka.

Kwenye ubishi wa ipi kali mimi Ceddo huwa siiweki juu, siyo kwa ajili ya dini, ni kwa sababu watu wanasimama uwanjani wanahutubiana kama wako bungeni. Muziki wa Manu Dibango lakini, weka spika nzuri.


SWALI: Mi sijawahi kuona hata moja. Nianzie wapi na ina maandishi chini?

JIBU: Anza na Borom Sarret ya 1963, dakika kama ishirini tu, mwenye mkokoteni wa farasi Dakar anabeba watu wasiolipa, anampeleka mteja mtaa wa matajiri ambako mikokoteni hairuhusiwi, polisi anaikanyaga medali yake ya vita na mkokoteni unabaki huko. Anarudi nyumbani mikono mitupu, mke anamkabidhi mtoto, anamwambia leo tutakula, anatoka. Anaenda wapi? Muvi imeisha. Ukiipenda hiyo nenda Mandabi moja kwa moja. Maandishi ya Kiingereza yapo, ya Kiswahili hakuna, na matoleo mapya yaliyosafishwa ya Mandabi na La Noire picha yake ni safi sana, ukikuta ile ya zamani yenye chenga chenga iache.


SWALI: Mbona muvi zake hazina stelingi?

JIBU: Ndo maana ukiingia nazo kibanda umiza watu wanadai hela zao. Stelingi wetu tuliyezoea hafi na hapigwi kofi, stelingi wa Sembène ni mtu aliyekosa nauli.


SWALI: Mwandishi mpendwa, niko Tarime na kikundi cha kinamama. Tunataka kuonesha Moolaadé vijijini kabla ya Desemba, msimu wa kukeketa huku kwetu. Unaonaje, au wewe utasema tuoneshe hiyo Mandabi yako?

JIBU: Hapana mama, hapo oneshaneni Moolaadé, shemeji wa Mwanza apate angalau soda moja. Muvi kali kuliko zote na muvi ya kuoneshwa Tarime mwezi wa kumi na moja ni maswali mawili tofauti, na hiyo mzee aliifanya kwa ajili ya mikutano kama yenu hasa.

Ila msiende kichwa kichwa. Ni ya saa mbili na watu wanaongea Kibambara, maandishi ya chini hakuna atakayeyafuata, kwahiyo mnahitaji mtu wa kutafsiri na maiki pale pale, kwa Kikurya siyo Kiswahili, na awe mama mtu mzima anayeheshimika, akiwa kijana wa kiume nusu ya maneno atayaruka kwa aibu. Aiangalie mara mbili kabla. Sehemu ya Collé kuchapwa viboko mbele ya kijiji ni ndefu na inaumiza, na kuna watoto wanaojitosa kisimani, watoto wadogo wasiwepo. Na msiikatishe pale viboko vinapoisha, hata kama mafuta ya jenereta yanakaribia kukata, kwa sababu kinamama wanageuza kibao baada ya hapo. Waalikeni na ngariba wenyewe, wakae mbele, maana kwenye muvi nao wapo na mwisho wanatupa visu vyao chini. Nunueni mafuta ya ziada.